Namba ya Jumamosi ya Baba

Magunga, Jumamosi, Agosti 1996

Hata shati lake la kufundishia limechukuliwa. Leo waligawana nguo za Baba, na nilipookota daftari lake shangazi akalishika, akasema, "Si uache hizo karatasi tufungie dagaa wa omena?" Nilimnyang'anya mbele ya wageni. Sijutii.

Daftari zima lina namba moja tu: milioni moja na moja. Baba aliamini haigawanyiki kwa namba yoyote ila moja na yenyewe. Kila Jumamosi baada ya chai aliigawa kwa mkono, mara moja tu. Alianza na mbili, Jumamosi nyingine tatu, halafu tano, saba, akaendelea hivyo, akiruka zinazogawanyika. Nilipomletea kikokotoo alikisukuma kando. "Nyathina, mwanangu, haraka ya nini? Hii namba haiendi popote."

Ukurasa wa mwisho aligawa kwa tisini na saba, ikabaki ishirini na nane. Mwandiko unatetemeka. Jumatatu iliyofuata tulimpeleka hospitali Homa Bay, na hakurudi.

Zamu ya namba iliyofuata, mia moja na moja, ilikuwa haijafika. Jioni hii nimeketi kwenye kiti chake nikagawa kwa penseli, polepole kama yeye. Nimepata elfu tisa mia tisa na moja. Hakuna kilichobaki. Nimerudia mara tatu.

Ilibaki Jumamosi moja tu. Angecheka mwenyewe, najua, angemwita hata shangazi aje aone.

Nimefuta hesabu yangu. Kwenye daftari la Baba bado haigawanyiki.