Majibu Yenye Jina Lako

Busia, upande wa Uganda
Jumanne

Dada yangu Acom,

Kabla hujaendelea kusoma, nakuomba ufunge mlango. Neno hata moja la barua hii lisimfikie shemeji Imalingat, wala mama kule Merikit. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na kikohozi cha Emma kimepungua. Mimi kazini naenda, lakini chakula hakipiti.

Mwezi uliopita nilitokwa na damu isiyo ya siku zangu. Paddy, karani mwenzangu wa fomu za forodha, aliniona nimeshika tumbo akaniuliza huku akicheka mtoto tumwite nani. Nikaziogopa kliniki za upande wetu, ambako kila mtu ananijua. Nikavuka mpaka, nikapimwa saratani ya mlango wa kizazi huko kwenu Kenya.

Majibu yalitoka Ijumaa. Niliona "si ya kawaida" nikaanza kulia. Muuguzi, Sista Taaka, akanikemea kwamba mimi ni msomi gani, nasoma maneno matatu na kujizika mwenyewe. Kisha akanieleza polepole kuwa hiyo haimaanishi kwamba nina saratani. Kuna chembe zilizoanza kubadilika. Lazima wazitazame kwa karibu, na zikihitaji tiba zitibiwe mapema, zisije zikageuka saratani. Ila nisipotee, alisema, maana wanaopotea hurudi wamechelewa. Miadi ni Alhamisi ya wiki ijayo.

Dada, karatasi ile ina jina lako. Mapokezi walipoomba kitambulisho, niliogopa jina langu lisijulikane, nikatoa chako, kile ulichoniachia nikusajilie laini ya simu. Tumefanana, hakuna aliyeuliza. Nikaandika hata kijiji chako. Mimi, ninayewarudisha madereva kila siku kwa herufi moja iliyokosewa! Nisipofika, mhudumu wa afya atabisha hodi kwako, na shemeji atasikia habari za ugonjwa usio wako. Na siku ukipimwa wewe, watakusomea majibu yangu.

Niliwaza nisirudi kabisa. Lakini nataka kutibiwa kwa jina langu. Tafadhali twende wote, nikaseme ukweli mbele ya Sista Taaka. Ukikubali, nawe upimwe siku hiyo hiyo. Kitambulisho chako kimo ndani ya bahasha. Nisamehe.

Nisalimie watoto. Usinipigie simu; tuko makarani watatu meza moja. Mpe jibu Apendi, huyu aliyekuletea barua, anayeuza mitumba karibu na geti la forodha. Mwambie tu unakuja au huji. Nitapita kwake kila siku saa saba mchana, hadi Jumatano ya wiki ijayo. Akiniambia huji, Alhamisi nitavuka peke yangu.

Mdogo wako,
Asio