Sindano ya Nani?

Jumatatu, 3 Machi 2025

Tumerudi Migori kutoka kliniki Kisumu. Tumbo linauma. Wametoa mayai kumi, manane yamekomaa. Leo hii Kultum wa maabara anadunga kila yai mbegu moja tu ya Gordon, kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Mbegu za mume wangu ni chache na hazina mbio, haziwezi kufika zenyewe. Hiyo ndiyo siri ya nyumba hii, na mbebaji ni mimi! Nimeshona yunifomu miaka kumi na miwili, sindano naijua. Hata fundi mzuri huharibu kitambaa. Naogopa.

Jumanne, 4 Machi

Kultum amepiga. Mayai mawili yaliharibika yalipodungwa. Moja halikushika mbegu. Matano yameshika. Matano! Nimelia juu ya sketi ya mtu.

Kisha Gordon akaharibu siku. Mama yake, Mama Dorah, alipiga kutoka Ndhiwa kuuliza jana nilikuwa wapi. Mwanamume mzima akajibu: "Alienda kudungwa sindano." Sindano! Hapa kwetu mwanamke akienda sindano ni ya kupanga uzazi, kila mtu anajua. Miaka sita wananidai mtoto, sasa wamepata jibu lao. Namuuliza Gordon kwa nini, anasema neno lilimtoka tu. Si alirudishe basi.

Jumatano, 5 Machi

Hakuna simu ya maabara. Gordon hajampigia mama yake. Eti kesho. Nimevunja sindano mbili za cherehani.

Alhamisi, 6 Machi

Katika mayai matano yaliyoshika, sasa viinitete, vitatu vina seli nane kila kimoja. Viwili vimesimama, havikui tena. Nikamuuliza Kultum nimekosea wapi. Akasema hakuna aliyekosea. Siku za kwanza kiinitete kinaishi kwa akiba ambayo mama aliiweka kwenye yai. Karibu siku ya tatu kinaanza kujiendesha, na hapo upande wa baba nao lazima ufanye kazi. Vingi husimama hapo.

Nimemsimulia Gordon tukila. Upande wa baba lazima ufanye kazi — nikarudia, polepole. Akaomba chumvi.

Ijumaa, 7 Machi

Mama Dorah huyo! Amefika kabla ya Sabato kuingia, na chupa ya manyasi, mizizi ya kuchemsha, ya kunisafisha damu.

"Nyar Kisii," akaanza, yaani binti wa Kisii, "mimi nataka mjukuu, wewe unaenda kufunga kizazi? Sindano ya nini na huna hata mtoto mmoja?"

Gordon alikuwa pale pale, anapiga viatu rangi. Akasema, "Mama, chai iko." Chai! Nikamwambia Mama daktari amekataza dawa za kienyeji. Akauliza daktari gani, huyo wa sindano? Niseme mimi? Niliahidi kunyamaza. Na kutoka kwangu hataamini. Nimechoka na Gordon, nimechoka kabisa.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya tano. Ikiwa kuna kiinitete kilichofika, tunaondoka leo leo wakirudishe tumboni. Kama hakuna, ndiyo basi. Stima imepotea tangu jana, simu yangu imezima, kwa hivyo Kultum atapiga kwa Gordon.

Tumetoka kanisani. Mama amepasha manyasi, amenimiminia kikombe, amenisimamia. Nikakishika. Nikamwangalia Gordon. Simu yake ikaanza kulia mezani — Kultum!

Hakushika simu. Alishika kikombe. Akakitoa mikononi mwangu.

"Mama, hii ninywe mimi."

"Wewe? Kwani wewe ulidungwa lini?"

"Shida ni yangu, Mama. Ni yangu tangu mwanzo. Mellen hapa hana shida yoyote."

Mama ameketi, bado ameshika chupa. Simu imelia mpaka ikanyamaza. Nimeinyakua, nimekimbilia chumbani, naandika nikingoja apige tena. Namsikia Gordon sebuleni anakunywa — manyasi ya watu, yote, mpumbavu wangu!

Inalia tena. Kultum. Nashika —