Kisima cha Salongo

Mjukuu wangu Ramazani,

Huku Kindu tuko wazima. Dada yako Zaina amejifungua mtoto wa kike. Umeniuliza, serikali njo ya kazi gani, yaani ina faida gani?

Enzi za Zaire kulikuwa na salongo, kazi ya lazima ya Jumamosi, na mkaidi alifungwa. Siku moja tuliamriwa kufyeka barabara atakayopita mukubwa kutoka Kinshasa. Mama yangu akatuongoza wanawake, majembe begani, badala yake tukaenda kuzoa matope yaliyoziba kisima cha mtaa. Shefu wa mtaa akatufuata mbio.

"Mukubwa atapita barabarani!"

"Sawa, baba. Na sisi tutakunywa barabara?" mama akamjibu.

Shefu akavua viatu, akashika jembe. Hiyo njo siku niliyoiona serikali.

Barabara ile imeshaota majani. Chai ninayokunywa nikikuandikia ni ya maji ya kisima kile.

Bibi yako Mwamini