Sahani ya Mlo wa Tatu

Bnei Brak, Jumatatu, 12 Novemba

Mwanangu Tirtza,

Hujambo mama? Kile kikohozi kimekuacha? Mimi mzima, nakula nikiletewa. Siku saba za msiba wa baba yako ziliisha juzi, Sabato asubuhi. Kaka yako Nahum ameniambia alikupigia simu usiku wa mazishi, ukasema huwezi kuja. Sikulaumu.

Nina swali. Baba yako alianguka mchana wa Sabato, tukiwa mezani. Jirani akapiga simu, gari la wagonjwa likaja. Kuokoa roho kunaruhusiwa hata Sabato. Nahum akapanda naye, mimi nikabaki na wajukuu. Vipande vya glasi yake nilivifagia visiwakate watoto. Doa la mvinyo kwenye kitambaa cha meza sikulitia maji, maana kufua Sabato ni mwiko. Halafu nikaosha sahani yake, kwa maji baridi, ili akirudi ale mlo wa tatu, ule wa jioni ya Sabato. Nyota zilipotoka, Sabato imeisha, ndipo Nahum akarudi. Akasema, "Mama, baba alifariki njiani."

Sahani isiyotumika tena Sabato hiyo haioshwi. Je, nilivunja Sabato? Wenzangu wanalia, mimi nawaza sahani. Rabi namwonea haya. Wewe ulizijua sana sheria hizi kabla hujaiacha dini na sisi.

Mama yako,
Glika

Haifa, Alhamisi, 15 Novemba

Shikamoo mama,

Kikohozi kimeisha. Pole, na wewe ule hata usipoletewa.

Nahum hakunipigia. Kifo cha baba nimekisoma kwenye barua yako, nimesimama mlangoni na mfuko wa vitunguu mkononi. Nikaingia, nikavimenya vyote. Sijui vya nini. Sijalia.

Hukuvunja Sabato. Uliosha ukiamini atakula siku ileile. Mtu huhesabiwa kwa alichokijua wakati anaosha.

Mimi Sabato ile nilikuwa napiga deki, redio inaimba. Ndiyo siku yangu ya usafi huku. Naona nikuambie tu.

Nije?

Mwanao,
Tirtza

Bnei Brak, Jumapili, 18 Novemba

Mwanangu,

Salamu. Miguu inavimba kidogo, si kitu.

Nilimwuliza Nahum. Akajibu, "Mama, ulitaka aje kaburini na suruali yake, mbele ya watu wa baba?" Nikamwambia, "Toka. Urudi ukiwa na adabu." Wala sikupandisha sauti.

Njoo Ijumaa kabla jua halijazama. Uvae unavyovaa.

Mama yako

Bnei Brak, Jumatatu, 26 Novemba

Tirtza wangu,

Ulifika salama? Basi lilijaa?

Hatukuongea mengi, najua. Mchana wa Sabato ulimwaga supu, ukalowesha kitambaa chini ya bomba ufute, ukakumbuka ni Sabato, ukakiacha kwenye sinki na kurudi kukaa. Nilikuona. Siku ya Sabato hatuombolezi, nikakuongezea viazi.

Jana ulipoondoka nikachukua ndoo nipige deki nyumba nzima. Nilipofika chini ya kiti cha baba yako nikaliacha tambara. Nikakaa sakafuni, kwenye maji, nikalia kwa sauti hadi jirani yangu Zisl akasikia kupitia ukutani, akaja mbio.

"Glika! Inuka wewe, nguo zote zimelowa! Unataka kuugua?"

Nikamwambia, "Niache, Zisl. Leo inaruhusiwa."

Mama yako,
Glika