Hela Uliyosema Si ya Shida

Chumba cha pili na cha tatu,
Nyumba ya Mama Funguo,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumamosi, siku ya tano baada ya sikukuu.

Mpendwa mdogo wangu, Kitindamimba wetu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Mgongo je? Mara ya mwisho uliniambia kwamba huko ghalani mnainua maboksi kutwa nzima, na ukirudi nyumbani unalala sakafuni kwa sababu kitanda kinakuumiza zaidi. Umepata ule mkanda wa kiuno ulioahidiwa? Wifi yangu hajambo? Na huyo mwanangu anayeota meno, bado anawanyima usingizi? Mwambieni shangazi yake anamsalimia sana, na asiyaharakishe hayo meno, maana yakishakuja hayamwachi mtu na amani.

Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri na kusema vizuri zaidi. Macho yake ni yale yale. Mtoto wa jicho bado yupo, na daktari amesema tuendelee kungoja. Shemeji yako ana kile kikohozi chake cha rangi. Wapwa zako wawili wanakua kwa kasi ya kumtia fundi hasara, kila nikishona upindo najikuta naufumua.

Najua unashangaa kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Simu ina haraka. Nikisikia sauti yako nitaanza kucheka, nitakuuliza habari za baridi, na hili nililonalo litabaki tumboni. Tena nimeagizwa na Mama niliandike kwa mkono wangu. Sababu utaiona mbele.

Kwanza unisamehe kwa ule uongo wa siku ya sikukuu. Ulipopiga ukaniuliza, "Dada, nguo zimependeza?" nilikuambia mtandao unakatakata, kisha nikazima. Mtandao haukuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimesimama penye dirisha nakusikia kama uko chumba cha pili, hata kijiko chako kikigonga kikombe nilikisikia. Niliyekatika ni mimi.

Hela yako ilifika salama wiki mbili kabla. Na maneno yako yalifika nayo: kwamba hii ni hela ya furaha, si ya shida. Mama ashonewe gauni jipya, na sisi wote tuvae vipya, tupige picha, tukuletee uibandike kwenye kabati lako la kazini. Niliyasoma kwa sauti. Mama alikuwa amekaa kitandani, akanitaka niyarudie, nikayarudia, naye akawa anatabasamu peke yake mpaka chai yake ikapoa.

Nimeilipia kodi hela hiyo. Yote. Haya, nimelisema.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Tangu mwezi wa nane shemeji yako alikuwa akipaka rangi bweni moja la ghorofa nne, ndani na nje, hadi kucha zikawa za kijivu. Alipomaliza, mkandarasi akamwambia malipo yatatoka baada ya sikukuu, kwa maana mwenye bweni naye ana mtu anayemngoja. Cherehani yangu ilikuwa na kazi tele, hilo sikatai, lakini kazi ya sikukuu unaijua: mteja anaacha kidogo cha kuanzia, anamalizia siku ya kuchukua, na wengine wanachukua kwa maneno matamu. Hicho kidogo kilikwenda kwenye chakula na ada za watoto. Kodi ikalala miezi miwili.

Mama Funguo hujapata kumwona, maana tulihamia hapa ukiwa umeshaondoka. Ni mwanamke mwembamba, mjane, ana funguo nyingi kiunoni, unamsikia kabla hujamwona. Sijawahi kumsikia akimpandishia mtu sauti. Akija kudai, anakaa kwenye benchi letu, anauliza hali ya kila mmoja, anakunywa maji, anashukuru, na akifika mlangoni anataja jina la mwezi. Hasemi zaidi ya hapo. Siku ile alitaja miezi miwili, halafu akasimama na mkono kwenye fremu.

"Mwanangu, kuna mwalimu na mkewe wanaviulizia hivi vyumba," akasema. "Hela wanayo mkononi. Nimewaambia wangoje mpaka Ijumaa. Na mimi nina watu wangu wanaonitegemea."

Ijumaa hiyo ilikuwa siku tatu kabla ya sikukuu.

Shemeji yako hakutaka tuiguse hela yako. Alisema imekuja na maneno yake, na tukiitumia kwa lingine tutakuwa tumemdanganya mtu anayelala sakafuni kwa ajili yetu. Hakukosea. Akanuna siku mbili, akawa anasafisha brashi ambazo zilikuwa safi tangu juzi yake.

Sikubishana naye. Asubuhi moja nilimshika mkono nikamsimamisha pembeni tumtazame Mama bila yeye kujua. Unajua anavyoamka: anakaa kwanza, anashusha miguu, anatafuta kandambili. Halafu anatembea. Hatua sita mpaka mlangoni, anagusa fremu. Anageuka kushoto, hatua kumi na nne mpaka bombani. Anajaza ndoo nusu, anasikiliza maji yalipofika, anafunga, anarudi. Hakumwaga hata tone. Pale penye saruji iliyobonyea alinyanyua mguu kama mimi na wewe tunavyonyanyua. Mwaka wetu wa kwanza hapa alizijifunza hatua hizo kwa kujigonga magoti, na mimi nilikuwa nayapaka dawa kila jioni nikilia kimya kimya asinisikie. Katika nyumba hii Mama haoni, lakini si kipofu. Tukihama, hata tukapata pa nafuu, tutamchukua yeye na macho yake tutayaacha hapa.

Shemeji yako alivaa kofia yake ya kazi. "Kalipe," akasema, akatoka.

Nikapeleka Alhamisi, sikungoja Ijumaa. Mama Funguo akaniandikia risiti kwa ule mwandiko wake wa polepole, akanipa na machungwa mawili ya watoto. Nilirudi nyumbani mwili mwepesi, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata mwezi mzima. Sitakuficha, siku ile sikujuta.

Majuto yalianza nilipokumbuka picha. Na hapo ndipo nilipojitia ujanja.

Wewe uliniona nikijifunza kushona, kwa hiyo huenda unakumbuka kazi ya kugeuza nguo. Kitambaa kikiwa kizito na rangi yake imeingia pande zote mbili, unaifumua nguo nzima, kila kipande unakigeuza wa ndani uwe wa nje, unashona upya. Ule upande ambao haukupigwa na jua unatoka kama umenunuliwa jana. Nikawa naifanya kazi hiyo mchana, wateja wakienda kula. Magauni ya watoto nikayageuza na kuyaongezea ukanda chini. Shati la shemeji yako lilitoka zuri, isipokuwa ukigeuza shati, la kushoto linakuwa la kulia. Mfuko wa kifuani ukahamia upande wa pili, nao huwezi kuurudisha kwa sababu matundu ya sindano yataonekana. Na vishikizo vikawa vinafungwa kike. Asubuhi ya sikukuu alisimama mbele ya kioo akihangaika navyo kama mtu aliyeazima mikono, mpaka mdogo wa wapwa zako akaenda kumsaidia.

La Mama lilikuwa gauni la kijani. Lile zito, analolijua kila mtu. Nje lilishachakaa rangi hata kijani chenyewe ilibidi uambiwe. Nilipolifumua nikalikuta ndani bichi kabisa, nikafurahi peke yangu kama mwizi. Nikamwambia Mama hiki ni kitambaa kipya kutoka kwako.

Alilivaa asubuhi ile. Akajipapasa mikono, akajipapasa kifua, akakushukuru kwa jina lako la utotoni, akakuombea dua ndefu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na pini mdomoni, na nashukuru kwa zile pini, maana zilinipa sababu ya kutoiitikia dua ile. Nilijisikia vibaya, mdogo wangu. Vibaya sana.

Kinyozi wa hapo mbele, ambaye ndiye mwenye simu ya picha nzuri, akaja kutupiga. Tukajipanga ukutani. Mama akatia mkono mfukoni kutafuta leso, na mkono ukabaki humo.

Hapo ndipo penye kosa langu, na sijui fundi gani mwingine angelifanya. Gauni zima nililifumua, lakini ule mfuko wa ndani sikuufumua. Niliuchomoa mzima nikaupachika kama ulivyo. Ulishonwa na Mama mwenyewe kwa mkono, zamani macho yakiwa mazima, na kila mshono wa tatu amepiga fundo dogo, jinsi alivyonifundisha na mimi nisiwe na subira ya kuifuata. Wembe niliushika mara mbili nikaushusha. Nilishindwa kukata mishono ya Mama.

Nikaviona vidole vyake vikitembea ndani ya kitambaa, fundo, fundo, fundo. Uso wake ukatulia. Kinyozi akasema, "Mama, tazama huku," naye akageukia sauti, akatabasamu. Hiyo ndiyo picha uliyonayo sasa mkononi.

Kinyozi alipoondoka akaniita. "Huu mfuko nimeushona mimi," akasema. "Hela ya mtoto iko wapi?"

Nikamwambia yote, kuanzia bweni mpaka machungwa. Akanisikiliza bila kunikatiza, nawe unajua hilo ni jambo la ajabu. Kisha akasema nimekosa kumdanganya, tena penye dua, na hilo nisilirudie. Kodi sikukosa. Na kwamba nisithubutu kukuletea picha ile bila maneno yake, wala nisiyapitishe kwenye simu ambako ninajua kukimbia.

Kwa hiyo ndiyo haya. Usidhani tulishinda tukilia. Tulikula chakula chetu cha kila siku, tukaongeza mayai, watoto wakagawana soda moja kwa kupimana kwa vidole, na shemeji yako akapewa jina la Bibi Vishikizo, jina ambalo naona litamfikisha mwaka ujao. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa siku nzuri, na nyumba ilikuwa yetu.

Lakini hela ilikuwa yako, na neno lako nililivunja bila kukuuliza. Niliogopa ukisikia utabeba maboksi ya ziada. Kama umekasirika, kasirika, ni haki yako, ila usinyamaze. Picha ukipenda ibandike, ukipenda iweke. Sikutaka tu uitazame kila siku kazini ukijua nusu.

Shemeji yako anasema akilipwa atakurudishia. Nimemwambia hilo mzungumze wenyewe wanaume. Langu ni ombi moja: ukituma tena, usiipe hela jina. Iache ije hivyo hivyo, tutalijua jina lake ikifika.

Nisalimie sana wifi, mwambie zile sindano za mashine alizonitumia ndizo zilizogeuza nguo zote hizi, hazijavunjika hata moja. Mbusu huyo mwenye meno. Wapwa zako wanakusalimu, mkubwa anauliza kama ni kweli huko mtu anaweza kuona pumzi yake. Kinyozi anakusalimu ingawa hakujui. Shemeji yako anakusalimu kwa mkono ulio upande wa mfuko.

Na Mama amekaa hapa kando yangu, ameshika ukingo wa karatasi nisije nikaikunja kabla hajamaliza. Anasema nikuandikie haya kama anavyoyatamka:

"Mwambie hili gauni ndilo nililovaa siku anaondoka. Aliniegemea pale kituoni akalia, halafu akawaambia watu ni vumbi. Alilia kwenye bega la kushoto. Sasa dada yake amegeuza, kwenye picha alitafute kulia kwangu, na ule upande wa machozi yake umeingia ndani. Unanigusa mwilini kila nikilivaa. Mwambie gauni jipya lisingekuwa na hilo. Na akija, aje nyumba hii hii, nitatoka kumpokea mwenyewe mpaka bombani, bila kushikwa mkono."

Mungu akulinde njiani na kazini, aunyooshe mgongo wako, na atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye ndani na nje,
Fundi.