Nyumbani Nani Anaumwa Nini

Jumatatu, 7 Januari 2002
Leo nimeingia intaneti kafe kwa mara ya kwanza! Mtaa wa Sikukuu, juu ya duka la vitenge. Niliona haya hata kuuliza kile kipanya kinashikwaje. Kaka Pantaleo, msimamizi, akanifungulia mwenyewe tovuti ya kozi za kompyuta za bure. Fomu ndefu! Jina, umri, dini. Jina la Baba, anafanya kazi gani, kwa nani. Nyumbani nani anaumwa nini. Nimejibu yote, sikuruka swali. Shuleni ukiacha nafasi wazi unapoteza maksi.

Sanduku la posta nimeandika la Bosi Ravindra. Barua zetu zote hupitia dukani kwake – Baba ni dereva wake mwaka wa kumi na tisa huu.

Kuhusu macho ya Baba nimeandika ukweli. Hilo tunalijua mimi na Mama tu. Lakini ile ni kompyuta, si mtu.

Jumamosi, 12 Januari
Jamani! Nimerudi kuangalia majibu. Ukurasa umefunguka tu – KARIBU TENA, SITI BAKILI! Sijaandika hata herufi! Nikaifunika skrini kwa mtandio, watu wakacheka. Pantaleo akasema, "Usiogope mdogo wangu, imekuzoea tu." Ati huwa wanaacha alama ndani ya mashine, ukirudi wanakujua: ulifungua nini, ulikaa dakika ngapi. Na yale niliyojibu? Hayo, akasema, ni yao sasa.

Dada mmoja akadakia, "Mwaka huu itakutafutia na mchumba!"

Majibu ya kozi hakuna.

Jumanne, 19 Februari


Imekuja barua dukani. Ya Baba! Jina lake kamili, kutoka kampuni ya dawa za macho, sijui ya nchi gani. Ya Kiingereza, kwa hiyo kaniletea nimsomee. "Ndugu Bakili, tumesikitika kusikia kuwa wewe ni dereva, na jicho la kushoto halioni, la kulia lina ukungu..." Maneno yangu! Niliyoyachapa kwa kidole kimoja!

Mama akauliza nani kawaambia. Baba akasema labda hospitali. Mimi nikajifanya naikunja barua.

Na bahasha ilikuwa imeshachanwa. Bosi hufungua kila barua ya sanduku lake. Kiingereza anakijua.

Jumatano, 20 Februari
Nimeenda kwa Pantaleo. Chini kabisa ya ukurasa kuna maandishi madogo kama sisimizi: taarifa zako tunaweza kuwapa washirika wetu wenye bidhaa zitakazokufaa. Na maswali ya lazima yana nyota nyekundu. Lile la ugonjwa halina nyota. Halikuwa la lazima!

Nikamwomba afute. "Nifute wapi, mdogo wangu? Haiko hapa."

Alhamisi, 21 Februari
Naandika stoo, dukani kwa Bosi. Daftari nilikuwa nalo kwenye kikapu.

Nilimletea Baba chakula, nikiwa nimepania kumwambia yote. Sijafungua mdomo, Bosi akamwita nje, akamwonyesha lori upande wa Msimbazi. "Bakili, nisomee namba ile."

Baba akacheka. "Bosi, uzeeni unanirudisha darasani?"

Bosi hakucheka. "Kila asubuhi unabeba wajukuu zangu. Soma."

"TZ," Baba akasema haraka. Gari lipi halianzi hivyo? Kisha akafikicha macho, akasogea hatua moja mbele. Mimi nilikuwa naiona yote, mpaka kutu ya pembeni. Wale watoto nawajua. Mdogo kabisa, Shreya, hukaa mbele na Baba.

Baba akasema, "Muulize Siti kama sioni. Mwanangu hasemi uongo."

Wakanigeukia wote wawili. Nikakimbia. Nimekaa chini hapa, kati ya majora ya vitambaa.

Nasikia ndara za Baba. Ameingia. Anapapasa rafu.

"Siti? Uko wapi, mwanangu?"

Niko mbele yake, hatua tatu. Taa inawaka.