Anwani ya Pili

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini u mzima na mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Mama anauliza kila siku utakuja lini, nami namjibu kwamba umebanwa na kazi.

Habari za kliniki si nzuri. Wagonjwa walianza kulalamika kwamba wakishaweka miadi kwenye tovuti yetu ninayoitunza, wanapigiwa simu na wauza dawa na bidhaa nyingine. Mama mmoja alipigiwa simu ya kuuziwa nepi mumewe akiwa pembeni, na alikuwa bado hajamwambia kwamba ana mimba. Lawama zikamwangukia dada wa mapokezi, kwa kuwa ndiye anayeshika namba za watu. Daktari akamsimamisha kazi. Aliniomba nimtetee, nami nikamwacha aondoke.

Niliikagua tovuti kama ulivyonifundisha: nikafungua kivinjari, nikatazama kila ombi linalotoka, yaani taarifa zinatumwa wapi. Yote yalikuja kwetu. Nikabaki nakuna kichwa, hadi nilipokumbuka kwamba kivinjari huonyesha yanayotoka kwenye simu ya mgonjwa tu. Yanayotumwa na seva yenyewe, ile kompyuta inayobeba tovuti, hakiyaoni. Basi ile maktaba ya kutuma maombi, yaani programu ndogo iliyokuja na mfumo wetu wa tovuti, nikaiagiza iandike kila anwani ambayo seva inaiita. Nikaweka miadi kama mgonjwa. Zikatokea anwani mbili. Ya kwanza ni ya kliniki. Ya pili ilipelekewa jina langu, namba yangu na ugonjwa niliojibunia.

Kaka, sehemu hiyo uliiandika wewe, ile wiki uliyokuja kunisaidia ukurasa ulipokuwa mzito kufunguka. Nilikupikia, nikakusifu kwa daktari mpaka nikaona haya. Na anwani ya pili ni ya kampuni yako ya matangazo. Ulinifundisha kuchungulia dirishani huku ukijua unatokea mlango wa nyuma. Imeniuma sana. Angekuwa mtu baki ningemtukana, yakaisha.

Mistari yako ya programu nimeifuta. Leo asubuhi nimemweleza daktari yote, na nimekutaja. Dada wa mapokezi amerudi kwenye kiti chake, ila hajanisalimia bado.

Wifi na watoto wape salamu, wao hawajanikosea. Mama sijamwambia kitu. Akiuliza tena utakuja lini, nitampa simu akuulize mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
uliyekuwa ukiniita Fundi.